Kujuta, Kutubu na Kuhesabiwa Haki: Juu ya Maneno ya Kiingereza Yanayofanana

Mwanachuo wa theolojia katika nchi yetu huishi kati ya lugha mbili, na mara nyingi tatu au nne. Kwa wazazi wake huongea lugha ya nyumbani. Ibadani hutumia Kiswahili. Maktabani vitabu vingi vya fani yake vimeandikwa kwa Kiingereza. Na akiingia darasa la Agano Jipya anakutana na Kiyunani. Akihitimu hupelekwa usharikani, na huko yote aliyoyasoma kwa Kiingereza inampasa ayaseme kwa Kiswahili mbele ya watu wasio na haja ya kujua aliyasoma wapi. Ni katika njia hiyo, kutoka kitabuni hadi mimbarini, ambapo maneno ya Kiingereza yanayofanana hubadilishana nafasi bila mhubiri mwenyewe kutambua. Katika makala hii nakusudia kueleza baadhi ya maneno hayo. Siandiki kamusi. Nimechagua yale ambayo, yakikosewa, humfikia Mkristo yakiwa fundisho jingine.

Kwanza tuyaondoe njiani yale yanayofanana kwa herufi tu. "Canon" ni orodha ya vitabu vilivyokubaliwa kuwa Maandiko Matakatifu. "Cannon", yenye n mbili katikati, ni mzinga wa vita. Niliwahi kusahihisha insha iliyosema kwamba Athanasio, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, aliorodhesha vitabu 27 vya "cannon" ya Agano Jipya. Niliandika pembeni kwamba askofu huyo alifukuzwa mjini kwake mara tano, lakini hakuna habari kwamba alipata kufyatua mzinga. "Council" ni baraza, kama lile lililokutana Nikea mwaka 325, na "counsel" ni shauri apewalo mtu. "Altar" ni madhabahu, na "alter" ni kubadilisha. Makosa ya namna hii huchekesha, hupunguza alama, wala hayamdhuru mtu.

Maneno "immanent" na "imminent" yana hatari zaidi, kwa sababu yote mawili ni maneno halali ya theolojia na yote mawili husemwa juu ya Mungu. La kwanza latokana na Kilatini, nalo maana yake ni kukaa ndani. Tukisema Mungu ni "immanent" tunakiri kwamba yumo kazini ndani ya uumbaji wake, ingawa yeye mwenyewe si sehemu ya uumbaji huo. La pili pia ni la Kilatini, lakini asili yake ni kuning'inia juu ya kitu, kama jiwe lililo ukingoni mwa mlima ambalo wakati wowote laweza kuporomoka. Hilo ni neno la wakati: jambo li karibu kutokea. Basi mwanachuo aandikapo kwamba Paulo alitazamia kuja kwa Kristo kulikokuwa "immanent", ameandika kwamba Kristo ajaye yumo ndani tayari, na msahihishaji asiyemjua atadhani kijana huyu ni mfuasi wa Bultmann.

Kiswahili chetu nacho chatutega hapa, maana neno "karibu" twalitumia kwa mahali na kwa wakati pia. Katika Wafilipi 4:5 Paulo asema juu ya ukaribu wa Bwana, na neno lake la Kiyunani, "engus", lina upana uleule wa neno letu. Wafafanuzi wameligawanyikia: wengine husema Bwana yu karibu nasi tunapoomba, wengine husema kurudi kwake ku karibu. Msomaji wa Kiswahili aweza kuziacha maana zote mbili ziishi pamoja. Mfafanuzi wa Kiingereza, akitaka kutumia moja ya maneno yale ya kitaalamu, hana budi kuchagua, na sisi tusomapo ufafanuzi wake tujue kwamba amechagua.

Kwa nini Kiingereza kina maneno mengi ya jozi yanayokaribiana hivi? Sababu mojawapo ni historia. Lugha ile ilianza kama lugha ya makabila ya Kijerumani yaliyohamia kisiwa cha Uingereza. Kilatini kikaingia pamoja na Kanisa. Na baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na ya mahakama kwa muda mrefu. Hivyo jambo moja likapata jina la wenyeji na jina la wageni, kisha majina hayo yakagawana kazi. Roho Mtakatifu aliitwa "Holy Ghost" kwa neno la wenyeji, lakini leo "ghost" limebaki kuwa mzuka au mzimu, na kazi yake imechukuliwa na "Spirit", neno la Kilatini. Kwetu pia ni hivyo. "Kosa" na "dhambi" si maneno ya chimbuko moja, na hakuna Mswahili ayachanganyaye. Lakini mgeni aliyefundishwa kwamba hayo ni mamoja aweza kuvunja kikombe akaomba asamehewe dhambi yake.

Sasa nifike kwenye neno lililonigharimu mimi mwenyewe. Kiingereza kina "regret", "remorse" na "repent". "Regret" ni kusikitika kwamba jambo limekuwa kama lilivyokuwa, hata kama aliyesikitika hana hatia yoyote. Ofisi inapomwandikia mwombaji kwamba hakupata nafasi, hutumia neno hilo, wala ofisi haitubu kwa kuandika hivyo. "Remorse" huenda ndani zaidi; asili yake katika Kilatini ni kung'ata tena, nalo ni lile jino la dhamiri limwumalo mtu usiku kwa ajili ya tendo lake. "Repent", kwa matumizi ya Kanisa, ni kugeuka: mtu huiacha njia aliyokuwa akiiendea, akarudi kwa Mungu. Mtu aweza kung'atwa maisha yake yote asigeuke hata hatua moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kuwa mkalimani katika mkutano wa Injili. Mhubiri mgeni alisoma Mathayo 27 kutoka tafsiri ya Kiingereza iitwayo King James, ya mwaka 1611. Katika aya ya 3 tafsiri hiyo yasema kwamba Yuda "repented". Mimi sikuwa nimefungua Biblia ya Kiswahili. Masikio yangu yalikuwa kwa mhubiri, na ulimi ukatoa neno la kwanza lililokuwa karibu, nikasema Yuda alitubu. Mkutano ulipokwisha alinijia mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa ametengwa na Meza ya Bwana, na ambaye Jumapili iliyofuata ilikuwa arudi kundini. Akaniambia, "Baba Mchungaji, leo umenifungia mlango. Yuda alitubu, na fedha akarudisha, wala hakupokelewa. Mimi hata ng'ombe za watu sijamaliza kulipa."

Nilimjibu, "Mzee wangu, aliyeufunga mlango ni mimi, si Mungu. Tuketi tusome." Tukafungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version ya mwaka 1952, na hapo neno ni "alijuta". Kiyunani cha aya hiyo hakina kitenzi kile kikuu cha toba, "metanoein". Kina kitenzi kingine, "metamelesthai", ambacho ni kubadilika moyo kwa kuona uchungu wa lililotendeka. Katika 2 Wakorintho 7:8-10 Paulo hutumia maneno ya jamaa zote mbili, huku King James ikitumia "repent" na maneno yake kwa zote, hata msomaji wa Kiingereza asiweze kuona kwamba mtume anatofautisha mambo.

Hata hivyo nisingependa wanachuo waondoke na kanuni rahisi kwamba neno moja ni zuri na jingine ni baya. Katika mfano wa wana wawili, Mathayo 21:29, mwana wa kwanza aliyekataa kwenda shambani kisha akaenda amesimuliwa kwa kitenzi kilekile cha Yuda. Yeye alijuta, na majuto yake yakampeleka kazini kwa baba. Majuto ya Yuda yalimpeleka kwa wakuu wa makuhani, ambao hawakuwa na la kumpa. Petro naye usiku uleule alilia kwa uchungu, na Mathayo hatumii juu yake kitenzi chochote kati ya hivyo viwili. Lakini baadaye tunamkuta pamoja na wenzake kule Galilaya, mbele ya Bwana aliyefufuka. Kwa hiyo tofauti ya neno yatuonyesha mahali pa kuangalia, na habari yenyewe ndiyo inayoamua. Hayo ndiyo niliyomweleza mzee yule. Alirudi kundini, lakini si Jumapili ile. Aliomba apewe muda, na muda huo ulikuwa miezi mitatu.

Ugomvi juu ya neno hili ni wa kale kuliko sharika zetu. William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya la Kiingereza mjini Worms mwaka 1526 akitumia maandishi ya Kiyunani ya Erasmus na akiitazama pia tafsiri ya Kijerumani ya Luther ya mwaka 1522, alikataa kuandika kwamba Yohana Mbatizaji aliwaambia watu wafanye "penance". Neno hilo lilikuwa jina la sakramenti, pamoja na ungamo kwa kasisi na malipizi aliyoyaagiza. Aliandika "repent". Msomaji wa Kilutheri atakumbuka mara moja hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, ambayo yahusu amri hiyohiyo ya Bwana. Katika Kiswahili tofauti hiyo twaijua kwa masikio: ndugu zetu Wakatoliki husema "kitubio" wakitaja sakramenti, sisi husema "toba".

Thomas More, mwanasheria mkubwa na baadaye mkuu wa sheria wa ufalme, alimshambulia Tyndale katika kitabu chake cha mwaka 1529. Alimlaumu kwa maneno mengine pia. Tyndale aliandika "congregation", yaani kusanyiko, badala ya "church"; aliandika "senior", na katika toleo la mwaka 1534 "elder", yaani mzee, badala ya "priest"; aliandika "love" badala ya "charity". More aliona kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya sarufi tu. Palipokuwa na Kanisa lenye makasisi na sakramenti, msomaji wa Tyndale alikuta kusanyiko lenye wazee na upendo. Katika hilo More hakukosea: neno huja na nyumba yake, na mtafsiri hawezi kujifanya kwamba hajui. Tyndale naye alijibu mwaka 1531 kwamba Erasmus, rafiki mpenzi wa More, alikwisha kutumia neno la maana ya kusanyiko katika Kilatini chake, wala More hakumgusa. Wote wawili walikufa kwa hukumu: More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu hakukubali ukuu wa mfalme juu ya Kanisa, na Tyndale alinyongwa na mwili wake ukachomwa huko Vilvoorde mwaka 1536 kwa hatia ya uzushi.

Watafsiri wa King James waliagizwa na mfalme wasiandike "congregation" mahali pa "church". Walibakiza "elder" na "repent" za Tyndale, lakini katika 1 Wakorintho 13 waliandika "charity", neno lililotokana na "caritas" ya Kilatini. Tangu hapo Kiingereza kimesogea. Leo "charity" ni msaada kwa maskini, au chama kinachotoa msaada huo. Sasa na asome mwanachuo aya ya 3, ambapo Paulo asema juu ya mtu atoaye mali yake yote kuwalisha maskini naye hana "charity". Kwa Kiingereza cha leo sentensi hiyo yajipinga yenyewe, na bado nimewahi kusikia mahubiri ya sadaka yaliyojengwa juu yake. Tafsiri ya Kiingereza iliyosahihishwa mwaka 1881 ilirudisha "love". Biblia yetu ya Kiswahili ina "upendo", na mhubiri angeisoma hiyo kwanza asingepotea. Neno "conversation" ni la aina hiyohiyo: mwaka 1611 lilimaanisha mwenendo wa maisha, leo ni mazungumzo. Katika Wafilipi 3:20 Kiyunani chasema habari za uraia wetu. Sijui ni wangapi wamehimizwa kutoka aya hiyo kuzungumza habari za mbinguni tu.

Nimeacha kwa makusudi jambo lililo zito kuliko yote, yaani "righteousness" na "justice". Katika Kiyunani, "dikaios" ni mwenye haki, "dikaiosune" ni haki, na "dikaioun" ni kumhesabia mtu haki. Mzizi ni mmoja, na sikio lausikia. Kijerumani cha Luther vilevile kina "gerecht", "Gerechtigkeit" na "rechtfertigen". Kiingereza kimekatwa vipande viwili: "righteous" na "righteousness" ni za wenyeji, "just", "justice" na "justify" zilikuja na Kifaransa na Kilatini, na hakuna kitenzi cha kawaida kinachotoka kwa "righteous". Mtaalamu E. P. Sanders alidiriki kutumia "righteoused", neno ambalo hakuna Mwingereza alisemaye sokoni, ili tu kuziba pengo hilo. Katika Warumi 1:17 King James yasema "righteousness" ya Mungu, kisha katika aya hiyohiyo yamwita mtu aishiye kwa imani "just". Asomaye Kiingereza pekee aona mambo mawili. Asomaye Kiswahili aona haki ya Mungu na mwenye haki, na ule uzi haukukatika.

Na hii ndiyo aya iliyomhangaisha Luther, kama alivyosimulia mwenyewe mwaka 1545 katika utangulizi wa maandishi yake ya Kilatini. Aliichukia haki ya Mungu alipoifahamu kuwa ni ile ambayo kwayo Mungu huadhibu, mpaka alipoona kwamba ni ile ambayo kwayo Mungu, kwa rehema, humfanya mdhambi kuwa mwenye haki kwa imani. Mwanachuo anayeanza na Kiingereza hujikuta akiweka "justice" upande wa adhabu na "righteousness" upande wa tabia njema, na kwa mgawanyo huo hawezi kufahamu Luther alilia nini wala alifurahi nini. Wengi wameniuliza darasani swali ambalo wasingelikuwa nalo kama wangelianza na Biblia waliyokua nayo.

Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake. "Haki" kwetu ni pia kile mtu adaicho: haki za binadamu, haki ya mjane katika shamba la marehemu mumewe, haki ya mfanyakazi mwisho wa mwezi. Kwa maana hiyo Kiingereza kina neno la pekee, "right", na hakilichanganyi na "righteousness". Msharika asikiapo kwamba amehesabiwa haki aweza kudhani amepewa stahili yake. Paulo asema kinyume kabisa katika Warumi 4:4-5, ambapo ujira wa mfanyakazi na zawadi kwa asiyestahili vimewekwa mbalimbali. Tena "justify" katika Kiingereza cha kila siku ni kutoa sababu za kujitetea, kama yule mwanasheria wa Luka 10:29 aliyetaka kujionyesha kuwa ana haki. Kujitetea ni kazi ya mshtakiwa; kuhesabia haki ni kazi ya hakimu. Anayefundisha Kipaimara na ayaseme hayo mapema, kwa mfano wa baraza, kabla watoto hawajakariri maneno.

Hatimaye "impute" na "impart", maneno yanayokaribiana kwa sauti na yaliyotenganisha makanisa. "Impute" ni kuandika katika hesabu ya mtu. "Impart" ni kumgawia kitu kikawa ndani yake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha IV, lafundisha kwamba Mungu huihesabu imani kuwa haki mbele zake. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la mwaka 1547, ulikataa kwamba kuhesabiwa peke yake ndiko haki yetu, ukisisitiza neema imiminwayo moyoni. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 nayo ilimkataa Osiander, aliyefundisha kwamba haki yetu ni uungu wa Kristo ukaao ndani yetu. Walutheri hawakanushi kwamba Mungu humfanya upya yule aliyemhesabia haki. Wasemalo ni kwamba dhamiri isitegemee upya huo ulioanza tu, bali Kristo aliyekamilika. Kwa mtu aliye mahututi tofauti hiyo si ya kamusi.

Hapa tena King James huongeza kazi. Katika Warumi 4 kitenzi kimoja cha Kiyunani, "logizesthai", kimetafsiriwa mara "count", mara "reckon", mara "impute", na nimeona insha zilizotafuta maana tatu katika maneno hayo matatu. Maana ni moja, nayo kwetu ni kuhesabu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu fundisho hili. Wanachuo wengi hulisoma kwa Kiingereza, nami huwataka waandike pembeni, kila wakutanapo na msamiati huu, kama Mungu hapo anaandika hesabu au anagawa karama, na ni upande gani wa mapatano unaosema. Zoezi hilo huchukua vipindi viwili, na kipindi cha pili kwa kawaida hakitoshi.